Sheria ya kuwakinga vijana na tumbaku na sigara za kielektroniki: tuweke uzito wapi?

MjumbeWaKamati aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kamati yetu ya wazazi na walimu imepewa nafasi ya kuwasilisha maoni ya maandishi juu ya muswada wa kudhibiti matumizi ya tumbaku na nikotini miongoni mwa vijana. Maoni yenyewe hayatakiwi kuzidi kurasa mbili, na kwa kuwa hatuwezi kusema yote, naomba mnisaidie kuchagua yale yenye uzito.

Kwa jinsi nilivyousoma, muswada unapandisha umri wa kununua kutoka miaka 18 hadi 21, unapiga marufuku kuuza sigara za kielektroniki jirani na shule, unaweka faini kwa muuzaji atakayemuuzia aliye chini ya umri huo, na unamfanya kijana atakayekutwa nazo kuwa mkosaji anayeweza kutozwa faini au kusimamishwa masomo. Haugusi ladha wala kiwango cha nikotini. Bidhaa ya tumbaku imetafsiriwa kuwa ni ile "iliyotengenezwa, yote au sehemu yake, kwa jani la tumbaku".

Katika kikao chetu mwalimu mmoja alituwekea mezani kifaa alichomnyang'anya mwanafunzi wa miaka 14. Ni kidude chembamba chenye urefu wa kidole, cha rangi ya waridi, kisicho na kitufe chochote. Ukikivuta, taa ndogo iliyo chini yake inawaka, na ukiacha inazimika. Ubavuni kimeandikwa "embe la barafu" kwa herufi kubwa zenye madoido, na kwa nyuma, kwa herufi ambazo ilinibidi nizisogeze dirishani ili nizisome, kimeandikwa "nikotini asilimia 5". Hakina jina la mtengenezaji wala la nchi kilikotoka. Mwalimu alieleza kwamba kilikuwa juu ya dawati mbele ya macho yake muda wote wa kipindi, naye akidhani ni kalamu ya kupakia rangi maandishi.

Baada ya kukiona, wajumbe waligawanyika. Wengine wanataka tuunge mkono adhabu kwa wanafunzi, tena tuombe ziongezwe makali. Wengine wanataka tudai marufuku kamili ya sigara za kielektroniki kwa watu wa rika zote, kama ilivyofanywa Brazil, Singapore na India. Mimi nasita kote kuwili, lakini sina hoja za kutosha. Je, uzoefu wa nchi nyingine unaonyesha ni vifungu gani vinavyopunguza kweli idadi ya watoto wanaoanza, na ni vipi vinavyobaki kwenye karatasi?

DaktariWaVijana alijibu:

Ndugu Mjumbe, yale maandishi ya nyuma ya kifaa yanajibu sehemu kubwa ya swali lako, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Asilimia 5 ni takriban miligramu 50 za nikotini katika kila mililita ya kimiminika. Umoja wa Ulaya, katika maelekezo yake ya mwaka 2014, uliweka kikomo cha miligramu 20 kwa mililita, tangi lisilozidi mililita 2 na chupa ya kujazia isiyozidi mililita 10. Kifaa kilichoshika vijana wa Marekani kuanzia mwaka 2015, yaani Juul, kilikuwa na takriban miligramu 59 kwa mililita, na kilipopelekwa Ulaya kililazimika kushushwa chini ya kikomo hicho. Muswada wenu hausemi lolote kuhusu kiwango, na maana yake ni kwamba hata kama kila kifungu kingine kitatekelezwa vyema, kijana wa miaka 21 na siku moja ataweza kuuziwa kihalali kitu chenye nguvu ya kumfunga ndani ya wiki chache, kisha akampa mdogo wake.

Ni muhimu wajumbe waelewe kwa nini nguvu hii iliwezekana. Sigara ya kielektroniki ya kisasa ilibuniwa na mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003, na vifaa vya mwanzo vilitumia nikotini huru, ambayo kiwango chake kikizidi huwasha koo kiasi kwamba mtoto anayejaribu kwa mara ya kwanza hukohoa na kuiweka chini. Baadaye watengenezaji waliichanganya nikotini na asidi, hasa asidi ya benzoiki, ikawa chumvi ya nikotini. Ukali wa kooni ulishuka, dozi ikapanda. Ukiongeza ladha ya embe, ile karaha ya kwanza ambayo kwa miaka mingi iliwaokoa watoto wengi na sigara inatoweka kabisa. Hii ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema ladha ni jambo dogo la mapambo. Ladha ndiyo inayomwondolea mtoto kizuizi cha kwanza.

Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na sehemu zinazochelewa kukomaa ni zile za kujizuia na kupima matokeo. Nikotini ikiukuta ubongo katika hali hiyo, uraibu hushika haraka na umakini darasani huathirika. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba karibu watu wazima 9 kati ya 10 wanaovuta sigara kila siku walianza kuijaribu kufikia miaka 18. Mtu akivuka umri huo salama, uwezekano wa kuanza unapungua sana, na kwa sababu hiyo sheria inayowalenga vijana inagusa kiini cha tatizo zima la tumbaku, ambalo Shirika la Afya Duniani linalihesabia vifo vya zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka.

Nina tahadhari mbili kwa waandishi wenu. Kwanza, msikane kwamba wapo watu wazima walioacha sigara kwa msaada wa vifaa hivi. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yameonyesha kwamba vyenye nikotini huwasaidia wavutaji kuacha kuliko vibandiko na gamu za nikotini. Kamati itakayolificha jambo hilo itaumbuliwa na mwakilishi wa kwanza wa kampuni atakayesimama mbele ya wabunge, na hoja zenu nyingine, hata zile za kweli, zitapoteza uzito. Pili, msitumie vifo vya Marekani vya mwaka 2019 kama ushahidi dhidi ya kila sigara ya kielektroniki. Kufikia Februari 2020 vilikuwa vimethibitishwa vifo 68, lakini uchunguzi ulivihusisha kwa kiasi kikubwa na mafuta ya vitamini E asetati yaliyochanganywa katika vimiminika vya bangi. Hoja ya watoto na uraibu inatosha kusimama kwa miguu yake.

MwandishiWaSheria alijibu:

Nimefanya kazi ya kuandika miswada kwa muda mrefu, na nilipofika kwenye tafsiri ya "bidhaa ya tumbaku" niliweka kalamu chini. Ndugu Mjumbe, kama mnaweza kurekebisha jambo moja tu katika muswada huu, rekebisheni hilo.

Nikotini siku hizi hutengenezwa maabara bila jani lolote la tumbaku. Mwaka 2021 watengenezaji wa Puff Bar, ambayo wakati huo ilipendwa sana na wanafunzi wa Marekani, walirudi sokoni wakisema bidhaa yao ina nikotini ya maabara, na kwa kuwa sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2009 iliifafanua bidhaa ya tumbaku kuwa ni ile inayotokana na tumbaku, mamlaka ya udhibiti ikakwama. Bunge la Marekani lilibadilisha tafsiri Machi 2022 ili iguse nikotini "kutoka chanzo chochote". Watu wakadhani mlango umefungwa. Haikuchukua muda zikaingia sokoni bidhaa zenye 6-methilinikotini, kemikali inayofanana na nikotini ambayo, kwa maneno ya sheria, si nikotini. Kwa tafsiri mliyo nayo, kile kifaa cha rangi ya waridi huenda hakimo ndani ya sheria tangu siku ya kwanza, na wakili wa muuzaji hatahitaji zaidi ya dakika tano kumtoa mteja wake.

Ningependekeza maneno ya namna hii: "bidhaa ya nikotini ni bidhaa yoyote, isiyokuwa dawa iliyosajiliwa, yenye nikotini kutoka chanzo chochote au kemikali inayofanana nayo kwa umbile au kwa athari zake mwilini, pamoja na kifaa, kimiminika, kifuko cha kuweka mdomoni au kipuri chochote kinachouzwa kwa ajili ya matumizi hayo, kiwe na nikotini au kisiwe nayo." Sehemu ya mwisho ina kazi yake. Pasipo hiyo, muuzaji atauza kifaa kitupu dirisha hili na kimiminika dirisha la pili.

Kuhusu ladha, Daktari amesema kwa nini zikatazwe. Mimi naongeza namna ya kuzikataza, kwa sababu hapo ndipo nchi nyingi zimeteleza. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 ilipiga marufuku sigara zenye ladha lakini ikaiacha mentholi, ile ladha ya ubaridi kama ya mnanaa, na mentholi ikaendelea kuwa njia ya kuingilia vijana wengi. Mapema mwaka 2020 mamlaka ya nchi hiyo ilianza kuchukua hatua dhidi ya ladha za matunda na peremende katika vifaa vya katriji, yaani vyenye kikasha cha kimiminika kinachobadilishwa, ikaviacha vile vya kutumia na kutupa. Vijana wakahamia kwenye vya kutupa kabla mwaka haujaisha. Kila mwanya uliachwa kwa makusudi mazuri, na kila mwanya ulitumiwa. Umoja wa Ulaya uliondoa sigara za mentholi Mei 2020, China ikakataza ladha zote isipokuwa ya tumbaku katika sigara za kielektroniki kuanzia Oktoba 2022, na Massachusetts ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kukataza ladha katika bidhaa zote za tumbaku, mentholi ikiwemo, kwa sheria ya mwaka 2019. Someni sheria hizo mkizilinganisha, mtaona kwamba zile fupi ndizo imara: zinataja ladha inayoruhusiwa, basi, badala ya kuorodhesha zinazokatazwa. Orodha ya ladha zilizokatazwa haina mwisho, kwa sababu mtengenezaji ataipa ladha ile ile jina la rangi au la hali ya hewa.

MuuzaRejareja alijibu:

Naomba sauti ya muuzaji isikike, kwa sababu sheria hizi mwisho wake hutua kwenye kaunta zetu.

Sina ugomvi na umri wa miaka 21. Kinachonisumbua ni faini iliyowekwa peke yake bila leseni. Palipo na faini tu, muuzaji asiyejali huihesabu kama gharama ya biashara: anakamatwa mara moja, analipa, anarudi kuuza jioni ile ile, na mimi ninayeomba kitambulisho ninampoteza mteja anayevuka barabara kwenda kwake. Leseni ni jambo jingine. Mtu anayejua kwamba akirudia kosa hataruhusiwa tena kuuza bidhaa yoyote ya nikotini, na kwamba jina la duka lake litaondolewa kwenye daftari ambalo msambazaji analazimika kulikagua kabla ya kumpelekea mzigo, huyo ataomba kitambulisho hata kwa mtu mwenye mvi.

Leseni pekee haitoshi bila ukaguzi. Nchi zinazofanya vizuri huwatumia vijana waliofunzwa, wakisimamiwa na maofisa na kwa ridhaa ya wazazi, kwenda kununua kwa majaribio. Kijana haambiwi adanganye. Akiulizwa umri anasema ukweli. Muuzaji akimuuzia, amejipatia kosa. Ada ya leseni ndiyo iwe chanzo cha fedha za ukaguzi huo, la sivyo mkaguzi ataonekana mwaka wa kwanza tu.

Kuhusu kifungu cha umbali kutoka shule, nakiheshimu lakini msikitegemee. Kijana wa leo haagizi dukani. Anaagiza kwa simu na mzigo unamfikia mlangoni. Kama muswada haukatazi uuzaji wa mtandaoni, au angalau haulazimishi anayepokea mzigo kuonyesha kitambulisho mkononi mwa mpelekaji, mtatusogeza sisi wenye maduka mita mia kadhaa na biashara yenyewe itabaki palepale. Na tangazo lililo kwenye simu halina umbali wowote kutoka shule.

MwalimuMlezi alijibu:

Ninaandika kwa ajili ya wale wajumbe wanaotaka adhabu ya wanafunzi iongezwe, na ninaandika kwa heshima, kwa sababu najua hasira yao inatoka kwenye mapenzi.

Nimekuwa mlezi wa wanafunzi kwa miaka mingi. Mtoto aliyeshikwa na nikotini haonekani mkaidi; anaonekana amechoka. Anaomba ruhusa ya kwenda msalani kila kipindi, hatulii, anakasirika kwa jambo dogo, na akirudi ametulia ghafla. Ukimwuliza kama amejaribu kuacha, mara nyingi atakwambia ndiyo, na kwamba hakuweza. Huyo ni mtoto anayehitaji tiba. Kumsimamisha masomo ni kumrudisha nyumbani peke yake, mchana kutwa, pamoja na kifaa chake au na njaa ya kukitafuta, na kumfundisha kwamba siku nyingine asimwambie mtu mzima yeyote. Wenzake wanaotazama nao hujifunza somo lile lile. Pale penye adhabu kali hatugundui watumiaji zaidi. Tunagundua wachache kuliko zamani, kwa sababu wamejificha vizuri zaidi.

Lipo pia jambo la historia ambalo kamati inapaswa kulijua. Nyaraka za ndani za makampuni makubwa ya tumbaku, zilizofunguliwa kwa umma kupitia kesi za Marekani za miaka ya 1990, zinaonyesha kwamba makampuni hayo yaliunga mkono programu za "kuwazuia vijana" zilizoweka mzigo juu ya mtoto, mzazi na muuzaji mdogo, kwa lengo la kuepusha sheria za matangazo, kodi na bidhaa yenyewe. Kifungu kinachomfanya mtoto kuwa mkosaji kinamwacha mtengenezaji amekaa pembeni akipiga makofi. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika mwaka 2005, katika ibara yake ya 16 unazungumzia adhabu kwa wauzaji na wasambazaji. Hautaji adhabu kwa mtoto.

Badala ya kifungu hicho ombeni kifungu cha wajibu: shule ikimkuta mwanafunzi na bidhaa ya nikotini, iichukue, imjulishe mzazi, imfikishe mwanafunzi kwa mshauri au mtoa huduma ya afya, na iripoti aina ya bidhaa na mahali ilikotoka kwa mamlaka inayotoa leseni. Taarifa ile ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa. Kifaa mlichokiweka mezani kilitakiwa kianzishe uchunguzi wa muuzaji, na sasa hivi hakuna sheria inayomtaka mtu yeyote auanzishe.

MjumbeWaKamati aliandika:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Mwalimu, maneno yako nimeyasoma kwa sauti mbele ya wajumbe wawili waliokuwa wakali zaidi, na mmoja wao ameomba nimtumie andiko zima.

Yamebaki maswali mawili ambayo najua nitaulizwa. La kwanza: kama bidhaa hizi zina madhara kiasi hiki, kwa nini tusizipige marufuku moja kwa moja? La pili: je, kupandisha umri hadi 21 kuna ushahidi wowote, au ni tarakimu tu ya kuonyesha tumefanya kitu? Mjumbe mmoja ameongeza pia habari za sheria za "kizazi kisichovuta", ambazo hazikuwa katika muswada wetu.

DaktariWaVijana alijibu:

Nianze na umri, kwa kuwa ushahidi wake ni mzuri. Mji wa Needham, Massachusetts, ulipandisha umri hadi miaka 21 mwaka 2005, wakati miji jirani ilibaki na 18. Kati ya mwaka 2006 na 2010 uvutaji wa sigara miongoni mwa wanafunzi wa sekondari wa mji huo ulishuka kutoka asilimia 13 hadi 7, na katika jamii jirani kutoka asilimia 15 hadi 12. Kiini chake ni rahisi kukieleza. Mtoto wa miaka 15 kwa kawaida hapati sigara kwa mtu wa miaka 30, anaipata kwa mwenzake wa miaka 18 ambaye bado wanakaa naye shule moja. Umri ukiwa 21, yule anayeweza kununua kihalali ameshaondoka shuleni. Ethiopia na Uganda tayari zina umri wa miaka 21 katika sheria zao, na Marekani ilifanya hivyo nchi nzima Desemba 2019.

Idadi ya wanafunzi wa Marekani wanaotumia sigara za kielektroniki ilishuka kutoka zaidi ya milioni 5 mwaka 2019 hadi takriban milioni 1.6 mwaka 2024. Msiseme kwamba umri peke yake ndio ulioleta hilo. Kulikuwa na hatua dhidi ya ladha, kesi za majimbo dhidi ya Juul, kampeni za elimu, na shule zilifungwa wakati wa janga la korona. Semeni kwamba hatua kadhaa zilizokwenda pamoja zilifuatiwa na kushuka huko.

Naomba pia mtaje kodi, hata kwa sentensi mbili. Bei ya sigara ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hushuka kwa takriban asilimia 4 katika nchi tajiri na 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na vijana ndio wanaoguswa zaidi kwa kuwa mifuko yao ni mitupu. Ila kodi ipande kwa bidhaa zote kwa pamoja. Mkipandisha ya sigara za kielektroniki peke yake mkaacha sigara ya kawaida rahisi, baadhi ya vijana watahamia kwenye moshi, na hilo ni baya zaidi.

MwandishiWaSheria alijibu:

Juu ya marufuku kamili, ni kweli kwamba Brazil imezikataza sigara za kielektroniki tangu mwaka 2009 na mamlaka yake ya afya ikalithibitisha katazo hilo tena mwaka 2024. India ilitunga sheria yake mwaka 2019. Singapore inamwadhibu hata mtumiaji tangu 2018. Uganda pia ilizikataza katika sheria yake ya mwaka 2015, pamoja na shisha. Siwezi kusema marufuku ni kosa kila mahali. Ninachosema ni kwamba inahitaji forodha yenye nguvu na mahakama zisizochoka, na kwamba vifaa bado vinapenya katika nchi hizo hizo. Bhutan ilikataza uuzaji wa tumbaku yote mwaka 2004, ikaishi na magendo miaka mingi, na ikaliondoa katazo mwaka 2021. Australia ilichukua njia ya katikati: tangu mwaka 2024 sigara za kielektroniki huuzwa katika maduka ya dawa pekee. Hata huko biashara haramu ya tumbaku imefikia kuchomeana moto maduka. Mnaweza kuunga mkono marufuku, lakini mkifanya hivyo andikeni pia nani atailinda na kwa bajeti gani. Marufuku isiyo na mlinzi humwondoa muuzaji mwenye leseni na kumwachia mtoto yule asiyeuliza umri.

Katika hili ningeomba muwe wakali juu ya vifaa vya kutumia na kutupa. Ubelgiji ilivikataza kuanzia Januari 2025, Ufaransa Februari mwaka huo huo na Uingereza Juni mosi. Uzoefu wa Uingereza unafundisha, kwa sababu watengenezaji waliongeza tundu la kuchajia na katriji ya kubadilisha kwenye vifaa vya umbo lile lile, rangi zile zile na karibu bei ile ile. Kwa hiyo msikataze kutupwa pekee. Wekeni pia masharti ya umbo, rangi na kifungashio. Australia ilianzisha vifungashio visivyo na nembo kwa sigara mwishoni mwa mwaka 2012, na hakuna sababu ya kisheria ya kuzuia kanuni hiyo isitumike kwa kidude cha rangi ya waridi.

Ama sheria za kizazi, New Zealand ilipitisha mwaka 2022 sheria ambayo ingemkataza daima mtu aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 2009 kuuziwa tumbaku, ikaifuta mapema mwaka 2024 baada ya serikali kubadilika, kabla ya kifungu hicho kuanza kazi. Maldives ilianza kutekeleza ya kwake Novemba 1, 2025, kwa waliozaliwa tangu mwanzo wa mwaka 2007, na muswada uliofikishwa katika Bunge la Uingereza mwaka 2024 ulifuata njia hiyo hiyo. Mji wa Brookline, Massachusetts, una sheria ndogo ya namna hiyo tangu 2020, na Mahakama Kuu ya jimbo iliikubali mwaka 2024. Mimi binafsi naipenda fikra hiyo kwa sababu haimnyang'anyi haki mtu yeyote anayevuta leo, lakini kwa kurasa mbili nisingeipa zaidi ya aya moja fupi. Bunge likishaona pendekezo kubwa lisilokuwemo katika muswada, hulijadili hilo na kuyasahau marekebisho madogo yanayoweza kupita wiki hii.

Jambo la mwisho ni la kiutendaji. Angalieni kifungu cha kuanza kutumika. Kama kimesema sheria itaanza "siku atakayoitangaza Waziri", ombeni tarehe maalumu iandikwe ndani ya sheria yenyewe, labda miezi sita kwa tafsiri, umri na uuzaji wa mtandaoni, na miezi kumi na miwili kwa leseni na vifungashio. Ombeni pia kifungu kinachomtaka Waziri atangaze hadharani kila mkutano wake na makampuni ya tumbaku na nikotini kuhusu kanuni zitakazofuata, kwa mujibu wa ibara ya 5.3 ya mkataba alioutaja Mwalimu, inayotaka sera za afya zilindwe dhidi ya maslahi ya makampuni ya tumbaku. Nimeona sheria nzuri ikisubiri kanuni zake kwa miaka, na katika miaka hiyo mikutano ilikuwa ikiendelea bila ninyi.

MjumbeWaKamati aliandika:

Kifungu cha kuanza kutumika ndicho hicho hicho, "siku atakayoitangaza Waziri". Hakuna aliyekiona kati yetu sote. Rasimu itaanza na tafsiri ya bidhaa ya nikotini, kisha ladha na kikomo cha miligramu 20, kisha leseni na ukaguzi, kisha kifungu cha shule kama alivyokiandika Mwalimu badala ya kile cha adhabu, na tarehe zitafuata mwishoni. Nikipata nakala ya muswada itakayotoka baada ya kamati ya Bunge, nitaibandika hapa muisome neno kwa neno.